Nchi Tano kwa Basi Moja: Mipaka Isiyo na Lango

Kutoka Kampala hadi Mombasa kwa barabara ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,150, na msafiri huvuka mpaka mmoja tu. Katika Ulaya ya Magharibi mwendo wa kadiri hiyo hiyo humpitisha mtu katika dola tano zilizo jirani: Uholanzi, Ubelgiji, Luxemburg, Ufaransa na Ujerumani. Mara nyingi msafiri huyo hapiti lango lolote, hasimamishwi na askari, wala hatoi hati yake mfukoni. Hujua kuwa amekwisha kuingia nchi nyingine kwa kibao cha buluu kilichosimama kando ya barabara, chenye jina la nchi ndani ya duara la nyota.

Hata hivyo, ndugu msomaji, ardhi hiyo isiyo na malango ni ardhi iliyokunywa damu nyingi. Mipaka ambayo leo hupitwa na mabasi ya watalii ililindwa zamani kwa mizinga, kwa seng'enge na kwa maisha ya vijana wasiohesabika. Habari ifuatayo ni ya safari ya siku tano iliyofanywa mwezi wa Mei 2025 na basi moja lenye abiria arobaini na wawili, dereva, na kiongozi wa safari, mama wa makamo, Mbelgiji, aliyejua lugha nne.

Miongoni mwa abiria hao walikuwamo mume na mke kutoka Uganda. Mume ni Mteso, sajini mstaafu wa polisi, aliyetumika miaka mingi katika mpaka wa Busia. Mkewe ni mzaliwa wa Arua. Kwa kuwa kila mmoja ana lugha ya kwao, nyumba yao ilisimama juu ya Kiswahili cha kambini, na watoto wao walikulia katika lugha hiyo. Binti yao ni muuguzi katika mji wa Rotterdam. Yeye ndiye aliyewaalika wazazi wake na kuwalipia nafasi katika basi hilo, ili, kama alivyosema, wasirudi nyumbani wakiwa wameona dirisha la jiko lake tu.

DEREVA NA SHERIA YAKE

Jambo la kwanza lililomvutia mzee halikuwa jengo wala mnara. Lilikuwa dereva. Kabla ya kuondoka Amsterdam, dereva alichomeka kadi yake katika chombo kiitwacho takografu, ambacho huandika saa anazoendesha, mwendo wake na mapumziko yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 humkataza dereva wa basi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku. Mara mbili tu kwa juma anaruhusiwa kufikisha saa 10. Aidha, kila baada ya saa nne na nusu za kuendesha hana budi kupumzika dakika 45. Askari wa barabarani aweza kumsimamisha popote na kuzisoma kumbukumbu hizo, na chombo hakimwonei haya mtu.

Mzee, ambaye katika kazi yake aliwahi kutoa maiti katika mabasi yaliyoanguka usiku kwa sababu ya dereva kusinzia, alitikisa kichwa akamwambia mkewe, "Mama, wenzetu wameipa saa mamlaka ya sajini."

NCHI ILIYONYANG'ANYWA KUTOKA BAHARINI

Uholanzi ni nchi tambarare, na karibu robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Mji wa Amsterdam wenyewe umejengwa juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa katika matope. Kasri ya kifalme iliyo katika uwanja wa Dam inasemekana kusimama juu ya nguzo 13,659. Mtu akitembea kando ya mifereji ya mji huo aweza kusahau kuwa chini ya viatu vyake kuna msitu mzima uliolazwa majini.

Basi lilipokuwa likielekea kusini, kiongozi alisimulia usiku wa tarehe 31 Januari kuamkia tarehe 1 Februari 1953. Tufani ilisukuma maji ya bahari juu ya matuta, matuta yakavunjika, na katika Uholanzi wakafa watu 1,836. Baada ya msiba huo Waholanzi walijenga mabwawa na malango makubwa ya kuzuia bahari katika midomo ya mito yao. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka arobaini, na lango kubwa la kukinga bandari ya Rotterdam lilifunguliwa mwaka 1997. Kwa hiyo adui wa kwanza wa Mholanzi ni maji, na ulinzi wa nchi yake huanzia katika tuta.

Kituo cha mchana kilikuwa mji wa Baarle, ulio karibu na mpaka wa Ubelgiji, na hapo abiria wote walicheka. Kwa sababu ya mikataba ya mabwana wa zamani waliogawana mashamba, Ubelgiji inamiliki vipande 22 vya ardhi vilivyozungukwa na Uholanzi, na ndani ya baadhi ya vipande hivyo mna tena vijipande vya Uholanzi. Mpaka umechorwa kwa misalaba midogo katika sakafu ya barabara. Unapita katikati ya maduka, hata katikati ya nyumba. Desturi ya hapo ni kwamba nyumba huhesabiwa kuwa ya nchi ule upande ulipo mlango wake wa mbele.

Mzee alisimama mguu mmoja Uholanzi na mwingine Ubelgiji, mkewe akampiga picha. Kisha akasema kwamba kule Busia naye aliwajua watu waliolala Uganda na kuteka maji Kenya. Tofauti ni kuwa wao hawakuchorewa misalaba, walichorewa faini. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huweza kuvuka kwa vitambulisho vyao vya taifa, na mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Mzee alikwisha kustaafu, lakini alikwenda kukitazama.

MAKABURI SABA YA TERVUREN

Mji wa Brussels ni makao ya ofisi kuu za Umoja wa Ulaya, na tangu mwaka 1967 ni makao ya umoja wa kijeshi wa NATO. Uwanja wake mkuu, Grand-Place, ulibomolewa kwa mizinga ya Wafaransa mwaka 1695, ukajengwa upya katika muda wa miaka michache, na leo ni mojawapo ya viwanja vinavyosifiwa sana duniani. Abiria wengi walikimbilia kuipiga picha sanamu ndogo ya mtoto anayekojoa. Mama alishangaa kuona kwamba mtoto huyo, ambaye hafiki hata urefu wa mita moja, ana makabati ya nguo kuwashinda wajukuu wake wote, kwani wageni kutoka pande nyingi za dunia humletea mavazi.

Asubuhi ya siku ya pili basi lilikwenda Tervuren, nje kidogo ya Brussels, penye Jumba la Makumbusho la Afrika. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II, ambaye wakati ule aliitawala Kongo kama mali yake mwenyewe, alifanya maonyesho mahali hapo. Wakongo 267 waliletwa wakakalishwa katika vijiji vya kuigiza ndani ya bustani, nao Wabelgiji wakaja kwa wingi kuwatazama. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha baridi na mvua. Wakongo saba walikufa. Jumba la makumbusho lilifungwa mwaka 2013 kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018 likiwa na maelezo mapya yanayokiri mabaya ya utawala ule.

Lakini makaburi ya wale saba hayamo jumbani. Yako kando ya kanisa la Tervuren, yamepangwa safu moja, na juu ya mawe yameandikwa majina yao. Mama, ambaye kwao Arua ni karibu na mpaka wa Kongo, aliinama akayasoma yote saba kwa sauti, moja baada ya moja, kama mtu anayewaita watu waje kula. Wazungu wawili waliokuwa wakizungumza karibu yake walinyamaza mpaka alipomaliza.

TARUMBETA YA SAA MBILI USIKU

Siku hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, basi lilikwenda magharibi hadi mji wa Ypres. Mji huo ulizungukwa na vita kwa miaka minne, tangu 1914 hadi 1918, ukabaki magofu. Nyumba zinazoonekana leo, ijapokuwa zina sura ya kale, zilijengwa upya baada ya vita. Mashariki ya mji lipo Lango la Menin, lililozinduliwa tarehe 24 Julai 1927. Ndani ya kuta zake yamechorwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wa Uingereza na wa himaya yake, Wahindi wakiwamo, ambao walikufa katika uwanda huo na miili yao haikupata kujulikana.

Tangu mwaka 1928, kila siku ifikapo saa mbili usiku, magari husimamishwa na wapiga tarumbeta husimama chini ya lango na kupiga mlio wa mwisho wa askari. Desturi hiyo ilikatizwa tu pale Wajerumani walipoukalia mji katika Vita Kuu ya Pili. Jioni ile umati ulikuwa mkubwa, hata hivyo kimya kilikuwa cha kanisani. Mzee alijikuta amesimama wima, mikono imenyooka, visigino pamoja, kama aliyeamriwa.

Umati ulipotawanyika alibaki akiyatazama majina. Mkewe alimwuliza anamtafuta nani.

"Simtafuti mtu," mzee alijibu. "Nawaza tu. Babu yangu alichukuliwa mwaka 1917 kuwa mpagazi wa Waingereza, akapelekwa kupigana na Mjerumani wa Tanganyika. Baba yangu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Babu hakurudi, wala hakuna aliyekuja kutuambia alikofia. Ukuta wake uko wapi?"

"Baba," mama akasema, "jina lake nani? Miaka arobaini nimo nyumbani mwako, sijapata kulisikia."

Mzee alimtajia. Ndipo wote wawili walipotambua kwamba watoto wao sita hawalijui jina hilo, na kwamba laiti yeye angalikufa kabla ya safari ile, lingalizikwa naye.

Yafaa msomaji akumbushwe habari hizo. Katika vita vya Afrika ya Mashariki, Waingereza waliandikisha wapagazi karibu milioni moja, kwa kuwa malori hayakuweza kupita na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Waliokufa, kwa hesabu za serikali yenyewe, walizidi 90,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi, waliuawa na kuhara, homa na njaa. Majina ya mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na jeshi hilo la wapagazi. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 huwakumbuka wote kwa jumla, lakini haina majina yao. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo iliomba radhi.

KUTOKA BASTOGNE HADI SCHENGEN

Siku ya tatu basi lilipanda milima ya Ardennes, nchi ya misitu ya misonobari na ukungu. Tarehe 16 Desemba 1944, wakati watu wengi walikwisha kudhani kwamba vita viko ukingoni, majeshi ya Ujerumani yalishambulia ghafula katika misitu hiyo. Mji mdogo wa Bastogne, unapokutana barabara nyingi, ulizingirwa pamoja na askari wa Kimarekani waliokuwamo. Tarehe 22 Wajerumani walimtaka kamanda wao, Jenerali Anthony McAuliffe, ajisalimishe. Naye akawajibu kwa neno moja tu la dharau. Theluji ilikuwa nene, dawa zilikuwa chache. Tarehe 26 vifaru vya jeshi la Jenerali George Patton vilifika kutoka kusini na kulivunja duara. Patton mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari mwaka uliofuata, akazikwa Luxemburg katika makaburi ya Hamm, pamoja na askari zaidi ya 5,000 wa nchi yake. Misalaba imepangwa kama gwaride, na basi lote lilinyamaza lilipopita langoni.

Luxemburg ni nchi ndogo, ya kilomita za mraba 2,586 tu, lakini mji wake mkuu ulikuwa ngome iliyoogopwa na wafalme wote. Kila dola iliitamani, na kila iliyoitwaa iliongeza ukuta na handaki. Hatimaye, kwa mkataba uliofanyika London mwaka 1867, ilikubaliwa kuwa ngome ibomolewe na nchi isiwe upande wowote. Mapango ya kijeshi yaliyochimbwa chini ya mji yamebaki, na wageni huyatembelea. Tangu mwaka 2020 mabasi, tramu na treni za nchi hiyo, isipokuwa daraja la kwanza la treni, hupandwa bila nauli. Zaidi ya watu 200,000 huingia kila siku kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani kwenda kazini, na jioni hurudi makwao.

Watu hao wasingeweza kuishi hivyo bila jambo lililofanyika katika kijiji cha Schengen, penye mashamba ya mizabibu kando ya Mto Moselle. Mahali hapo Luxemburg, Ufaransa na Ujerumani hukutana. Tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli iliyotia nanga mtoni, wajumbe wa Ubelgiji, Uholanzi, Luxemburg, Ufaransa na Ujerumani ya Magharibi walitia sahihi mkataba wa kuondoa hatua kwa hatua ukaguzi katika mipaka yao. Ulianza kutekelezwa kwa vitendo tarehe 26 Machi 1995. Kufikia mwaka 2025 nchi zilizomo zilikuwa 29, na viza moja ilimwezesha mgeni kuzitembelea zote kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180.

Jambo hilo halikuanza ghafula. Mwaka 1951 nchi sita, zikiwamo hizo tano pamoja na Italia, zilikubaliana kuweka makaa ya mawe na chuma chao chini ya mamlaka moja. Shabaha ilikuwa wazi: anayetaka kufua mizinga kwa siri hawezi, ikiwa chuma chake kinahesabiwa na jirani.

MIFUPA YA DOUAUMONT

Siku ya nne ilikuwa nzito kuliko zote. Kaskazini ya mji wa Verdun, katika Ufaransa, vilima vimefunikwa na msitu wa kijani, lakini ardhi ndani ya msitu huo ina mashimo na matuta kama bahari iliyoganda. Ni mashimo ya makombora. Mapigano ya Verdun yalianza tarehe 21 Februari 1916 yakadumu miezi kumi, na yaliwaua watu wapatao 300,000, Wafaransa kwa Wajerumani. Vijiji tisa vilifutika. Mahali pa kijiji cha Fleury pamebaki vijia na vibao: hapa palikuwa na duka la mikate, hapa palikuwa na shule.

Juu ya kilima cha Douaumont limejengwa jengo refu la mawe, lenye mnara katikati. Ndani yake imehifadhiwa mifupa ya askari wasiopungua 130,000 wasiojulikana, Wafaransa na Wajerumani pamoja, kwa maana hakuna aliyeweza kuwatenga. Nje, karibu na ardhi, kuna madirisha madogo. Mtu huinama, akaona.

Mzee aliinama katika dirisha la kwanza, akaenda la pili, akaishia hapo.

Kiongozi, aliyekuwa amezisikia habari za babu yake, alimwita kando akamweleza jambo ambalo vitabu vingi vya watalii havilisemi. Ngome ya Douaumont iliyo karibu na hapo ilitwaliwa na Wajerumani, ikakombolewa tarehe 24 Oktoba 1916. Pamoja na kikosi cha wanajeshi wa makoloni wa Kifaransa walioikomboa, walikuwapo askari wa Senegal na askari wa batalioni ya Wasomali, walioandikishwa katika nchi ambayo leo ni Jibuti. Kwa hiyo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walipigana juu ya kilima hicho, na matope yake waliyajua. Kando ya makaburi pamesimamishwa pia ukumbusho wa askari Waislamu, uliozinduliwa mwaka 2006.

Mahali hapo hapo, tarehe 22 Septemba 1984, Rais François Mitterrand wa Ufaransa na Helmut Kohl, Waziri Mkuu wa Ujerumani ya Magharibi, walisimama mbele ya makaburi wakashikana mikono, wala hawakutoa hotuba. Kiongozi alipoonyesha mahali waliposimama, abiria wawili wazee, mmoja Mfaransa na mwingine Mjerumani, ambao tangu Amsterdam walikuwa wakigombea kiti cha mbele, waliangaliana, wakacheka kwa haya. Tangu hapo walikaa kwa zamu.

MAMA MMOJA, WANA WAWILI

Jioni waliingia Strasbourg, mji mkuu wa jimbo la Alsace. Kanisa lake kuu lina mnara wa mita 142, ambao kwa zaidi ya miaka mia mbili haukuwa na jengo la kuupita duniani. Lakini kiongozi aliwapeleka kwanza katika uwanja wa Jamhuri, penye ukumbusho wa vita uliozinduliwa mwaka 1936. Ni sanamu ya mama aliyewapakata wana wawili wanaokufa. Wana hao hawana sare wala silaha, wako uchi. Maana yake yafahamika kwa historia. Alsace ilikuwa ya Ufaransa. Mwaka 1871 ikawa ya Ujerumani. Mwaka 1918 ikarudi Ufaransa. Mwaka 1940 ikatwaliwa tena na Ujerumani. Vita vilipokwisha mwaka 1945 ikawa ya Ufaransa tena. Mtu aliyeishi miaka themanini aliweza kubadilishiwa utaifa mara nne bila kuhama nyumba yake. Vijana wa Alsace walipigana katika jeshi la Wajerumani katika vita vya kwanza. Na katika vita vya pili watu wapatao 130,000 wa Alsace na Moselle waliingizwa kwa nguvu katika jeshi hilo hilo. Kwa hiyo ukumbusho hausemi walikufa kwa ajili ya nchi gani. Unasema ni wafu wetu, basi.

Mama aliitazama sanamu hiyo kwa muda mrefu. Ana wana wawili katika utumishi, mmoja jeshini na mmoja polisi. Hakusema neno. Alifungua mkoba, akatoa leso, akaifuta miwani ya mumewe, ambayo haikuwa na vumbi.

Usiku ule hotelini mzee aliomba karatasi. Aliandika jina la babu yake, jina la kijiji chake, jina la mkewe, mwaka aliochukuliwa, na mambo machache aliyosimuliwa na baba yake: kwamba alikuwa mrefu, kwamba alijua kufua majembe, na kwamba siku ya kuondoka aliacha jembe moja nusu. Kisha akampigia binti yake simu akamsomea yote polepole, akamwamuru ayaandike na kuwapelekea ndugu zake watano.

DARAJA LA MWISHO

Siku ya tano basi lilivuka Mto Rhine kuingia mji wa Kehl, Ujerumani. Tangu 2004 kuna daraja la waendao kwa miguu kati ya bustani mbili za ng'ambo zote mbili, na tangu 2017 tramu ya Strasbourg huvuka mto hadi Kehl. Akina mama huvuka na vikapu kwenda sokoni mahali ambapo zamani askari walivuka na bunduki.

Hata hivyo mpaka usio na lango haumaanishi mpaka usio na mwenyewe. Mwezi Septemba 2024 Ujerumani ilianzisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, ikitaja usalama na wahamiaji wasio na vibali, na ukaguzi huo ulikuwa ukiendelea wakati basi lilipofika. Askari wawili waliingia, mmoja msichana wa miaka kama ishirini na mitano. Alisalimia, akaeleza sababu, akaanza kukagua kiti kimoja baada ya kingine, mbele mpaka nyuma, bila kuruka weupe wala kuwakawiza weusi. Alipofika kwa mzee alisoma hati, akatazama uso, akatazama viza, akarudisha kwa mikono miwili, akashukuru.

"Amefanya vizuri," mzee alimwambia mkewe. "Hakuchagua watu, wala hakupandisha sauti. Mwenye sheria mkononi hana haja ya kufoka."

NENO KWA WENYE NYUMBA

Mama naye alikuwa na hesabu zake, na zinafaa kwa yeyote atakayealikwa na mtoto aliye ng'ambo. Katika nchi hizo nne za kwanza na katika Ujerumani, fedha ni moja, yaani euro, iliyoanza kutumika mikononi mwa watu tarehe 1 Januari 2002. Hakuna haja ya kubadilisha kila mpakani. Maji ya bomba hunywewa, kwa hiyo chupa tupu ni akiba. Vyoo vya barabarani hutoza ada, basi sarafu ziwe karibu. Siku mbili za kwanza walikula mayai ya kuchemsha na chapati alizozipika jikoni kwa binti yake, na hawakuona aibu, kwa sababu Waholanzi wenyewe mchana hula mkate waliotoka nao nyumbani. Viazi vya Ubelgiji, ambavyo hukaangwa mara mbili ili viwe laini ndani na vikavu nje, aliviongeza katika mapishi yake. Kabichi iliyochachushwa ya Strasbourg aliionja kwa adabu. Na viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu, kwa maana barabara za mawe hazimhurumii mgeni.

Basi lilipomaliza safari abiria walipeana mikono, na dereva alitoa kadi yake katika takografu, akaenda kulala kama sheria inavyoamuru. Mzee na mkewe walipanda treni kurudi Rotterdam. Binti yao aliwapokea kituoni na daftari mkononi. Alikuwa amekwisha kulinakili jina la babu katika ukurasa wa kwanza, na chini yake ameacha nafasi, akimtaka baba yake aendelee na majina ya waliofuata.

Nyumba nyingi za askari na polisi wetu zina babu wa namna hiyo, aliyeondoka na mzigo kichwani, asirudi. Mawe ya Ypres yamekwisha kuandikwa. Daftari la shule hununuliwa dukani kwa bei ndogo, na wazee wanaoyakumbuka majina wanapungua kila mwaka.